Safari ya meli Karibi: Hesabu saa za nchi kavu, si idadi ya bandari

Na MWANDISHI WETU

KWA Wakenya wengi, safari ya meli ya kitalii katika Bahari ya Karibi ni jambo linalofanywa mara moja tu maishani. Aghalabu mtoto aliyeko Marekani huwaalika wazazi wake, au jamaa huamua kuadhimisha harusi, kuhitimu au kustaafu kwa namna ya pekee.

Tiketi hununuliwa miezi kadhaa mapema na pesa zikalipwa. Baadaye ndipo watu huulizana: je, meli yenyewe inatia nanga wapi?

Swali hilo lilifaa kuwa la kwanza. Ndani, meli hizi hufanana sana: vyumba, mikahawa, vidimbwi vya kuogelea na kumbi za burudani. Kinachotofautisha safari moja na nyingine ni bandari zilizomo katika ratiba, saa ambazo abiria anapewa katika kila bandari, na iwapo stakabadhi zake zinamruhusu kufika huko.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kupima ratiba moja dhidi ya nyingine kabla ya kulipa hata senti moja.

Stakabadhi kwanza

Safari nyingi za Karibi huanzia na kuishia katika bandari za Marekani. Katika jimbo la Florida kuna Miami, Fort Lauderdale, Port Canaveral na Tampa. Nyingine huanzia Galveston katika jimbo la Texas, New Orleans katika Louisiana, au San Juan katika kisiwa cha Puerto Rico.

Meli hizo, ijapokuwa nyingi ni za kampuni zenye makao Marekani, hupeperusha bendera za mataifa mengine kama vile Bahamas na Panama. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazizuia meli za kigeni kubeba abiria kati ya bandari za Marekani pekee. Ndiyo sababu kila ratiba inayoanzia na kuishia Miami huwa na angalau kituo kimoja katika nchi ya kigeni.

Kwa mwenye pasipoti ya Kenya, maana yake ni hii: meli ikishang'oa nanga, amehesabiwa kuwa ametoka Marekani, na akirudi anaomba kuingia upya. Viza inayoruhusu kuingia mara moja tu haimtoshi. Sharti ahakikishe kuwa viza yake inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, na kwamba haitakwisha muda meli ikiwa baharini.

Mkenya mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani anapaswa kubeba kadi yake pamoja na pasipoti. Ama yule ambaye ombi lake la ukaazi bado linashughulikiwa, asipande meli kabla ya kumwona wakili. Kutoka nje ya Marekani bila idhini maalumu, hata kwa siku nne za starehe, kunaweza kuchukuliwa kuwa ameliacha ombi hilo.

Kisha kuna viza za bandari zenyewe. Puerto Rico na Visiwa vya Virgin vya Marekani hutumia viza ya Marekani. Mexico humruhusu mgeni mwenye viza halali ya Marekani kuingia bila viza nyingine. Jamaica na Barbados, ambazo pamoja na Kenya ni wanachama wa Jumuiya ya Madola, ni miongoni mwa nchi ambazo zimekuwa zikiwapokea Wakenya bila viza kwa matembezi mafupi.

Visiwa vya Martinique na Guadeloupe, hata hivyo, vina kanuni zao. Vyote viwili ni sehemu ya Ufaransa lakini haviko katika eneo la Schengen, na viza ya kawaida ya Schengen haimaanishi kwamba mwenyewe ataruhusiwa kuingia huko. Viza sharti iwe imetajwa kuwa inatumika katika maeneo hayo ya ng'ambo.

Jambo ambalo wasafiri wengi hawalifahamu ni kwamba kampuni ya meli inaweza kumkataa abiria gatini, siku ya safari, kwa kukosa viza ya bandari moja tu, hata akisema hatashuka hapo. Fauka ya hayo, katika hali kama hiyo nauli hairudishwi. Kwa hivyo, ukiwa na ratiba mbili, andika orodha ya nchi zote zilizomo katika kila moja na uulize ubalozi au idara ya uhamiaji ya kila nchi kuhusu pasipoti ya Kenya. Jibu la wakala aliyezoea wateja wenye pasipoti za Marekani lisikutosheleze.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo isisahaulike. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na mataifa kadhaa ya Karibi, yakiwemo Jamaica, Bahamas na Barbados, huwadai cheti wasafiri wanaotoka katika nchi za aina hiyo. Chanjo hutolewa angalau siku 10 kabla ya safari, na tangu mwaka 2016 cheti chake hutambuliwa kwa maisha yote.

Ratiba itakayopita mtihani huu wa stakabadhi ndiyo inayostahili kulinganishwa na nyingine. Ile iliyoshindwa iachwe, hata ikiwa bei yake ni nafuu kiasi gani.

Njia ya Mashariki

Kampuni za meli hugawa Karibi katika njia tatu kuu: Mashariki, Magharibi na Kusini.

Njia ya Mashariki aghalabu hupitia Nassau katika Bahamas, San Juan, Charlotte Amalie katika kisiwa cha St. Thomas, na Philipsburg katika Sint Maarten. Baadhi ya ratiba huongeza Grand Turk au Puerto Plata katika Jamhuri ya Dominika.

Hii ni njia ya wapendao fukwe na miji mikongwe. San Juan ya kale ndiyo johari yake. Ngome ya El Morro, ambayo Wahispania walianza kuijenga mwaka 1539, inaitazama bahari kama vile Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593. Aliyewahi kutembea katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa atajiona kama aliyefika kwa jirani.

Lakini tahadhari. Meli nyingi hufika San Juan alasiri au jioni na kuondoka usiku, ilhali ngome hufungwa jioni. Anayekwenda kwa ajili ya El Morro atafute ratiba inayofika asubuhi, la sivyo ataziona kuta kwa nje tu.

St. Thomas, ambayo Marekani iliinunua kutoka Denmark mwaka 1917 pamoja na visiwa vya jirani kwa dola milioni 25 za dhahabu, ina ufuo mashuhuri wa Magens Bay. Kutoka upande wa mashariki wa kisiwa, feri huvuka kwa takriban dakika 20 hadi St. John, kisiwa ambacho zaidi ya nusu yake ni hifadhi ya taifa.

Sint Maarten nayo ni nusu ya kisiwa chenye ukubwa usiozidi kilomita 90 za mraba. Upande mmoja ni wa Uholanzi na mwingine ni wa Ufaransa, mpaka uliotokana na mkataba wa mwaka 1648.

Nassau ndiyo bandari inayowagawanya wasafiri. Ni karibu na Miami, takriban kilomita 300, na kwa sababu hiyo huingizwa katika ratiba nyingi fupi. Palipo na meli tano au sita kwa wakati mmoja, barabara za katikati ya mji hufurika watu. Anayetaka historia apande Ngazi ya Malkia, iliyochongwa katika mwamba na watumwa mwishoni mwa karne ya 18.

Katika Bahamas pia kuna visiwa vinavyoendeshwa na kampuni za meli zenyewe, kama vile CocoCay cha Royal Caribbean na Castaway Cay cha Disney. Hapo kuna ufuo safi, chakula na viti vya kupumzikia. Hakuna mji, soko wala wenyeji isipokuwa wafanyakazi. Kwa familia yenye watoto wadogo ni siku njema. Kwa anayetaka kuwajua watu wa Karibi, siku hiyo ni sawa na kubaki melini.

Njia ya Magharibi

Njia ya Magharibi hupitia Cozumel na Costa Maya nchini Mexico, George Town katika Grand Cayman, Jamaica, Belize na kisiwa cha Roatán nchini Honduras.

Sifa yake kuu ni matumbawe na magofu ya Wamaya. Miamba ya matumbawe inayoanzia rasi ya Yucatán hadi Honduras ina urefu wa takriban kilomita 1,000. Cozumel imejipatia jina duniani miongoni mwa wapiga mbizi. Asiyejua kupiga mbizi huweza kuvaa miwani ya majini na kuwatazama samaki karibu na ufuo.

Magofu yanahitaji hesabu. Tulum iko bara, si kisiwani. Abiria aliyeshukia Cozumel sharti avuke kwa feri kwa dakika 45 hivi hadi Playa del Carmen, kisha asafiri kwa gari kwa takriban saa moja, na arudi kwa njia iyo hiyo. Chichén Itzá iko mbali zaidi, na siku nzima huishia barabarani. Mwenye saa chache atosheke na San Gervasio, magofu madogo yaliyomo kisiwani.

Jamaica ndiyo inayowavutia Wakenya wengi, na sababu haihitaji kuelezwa. Hapa ndipo jina la bandari hupotosha. Meli hutia nanga Falmouth, Ocho Rios au Montego Bay, ambazo zote ziko pwani ya kaskazini. Jumba la ukumbusho la Bob Marley liko Kingston, upande wa kusini, na safari ya kwenda na kurudi humeza sehemu kubwa ya siku.

Kijiji cha Nine Mile, alikozaliwa mwanamuziki huyo mwaka 1945 na alikozikwa mwaka 1981, kiko milimani katika wilaya ya St. Ann. Ocho Rios ndiyo bandari iliyo karibu zaidi nacho. Karibu na Ocho Rios pia kuna maporomoko ya Dunn's River, ambayo wageni huyapanda wakiwa wameshikana mikono, na mji wa St. Ann's Bay, alikozaliwa Marcus Garvey mwaka 1887.

Kwa hivyo, ratiba mbili zinazosema "Jamaica" si ratiba moja. Anayefuata nyayo za Marley achague ile inayotaja Ocho Rios.

Roatán ina hadithi isiyojulikana sana. Mwaka 1797, Waingereza waliwahamisha kwa nguvu kutoka kisiwa cha St. Vincent watu wa jamii ya Garifuna, wazawa wa Waafrika na wenyeji wa asili wa Karibi, na kuwatupa Roatán. Kijiji chao cha Punta Gorda kingalipo hadi leo, na lugha na ngoma zao zingalipo.

Njia ya Kusini

Njia hii huanzia mara nyingi San Juan au Bridgetown, Barbados, badala ya Florida. Hupitia visiwa vya St. Kitts, Antigua, Dominica, St. Lucia, Grenada na Barbados, au huelekea Aruba, Bonaire na Curaçao, karibu na pwani ya Venezuela.

Visiwa hivi vimekaribiana. Meli husafiri usiku na kuamkia kwingine, na katika wiki moja abiria huweza kufika bandari tano au sita. Kinyume na hayo, meli inayotoka Miami kwenda St. Thomas ina kilomita zipatazo 1,800 za kukata, nayo hutumia takriban siku mbili baharini.

Ndiyo njia yenye utajiri mkubwa wa historia. Mji wa Bridgetown na kambi yake ya kijeshi uliingizwa katika orodha ya Unesco ya turathi za dunia mwaka 2011, mwaka ule ule Fort Jesus ilipoingizwa. Barbados iliacha kumtambua mfalme au malkia wa Uingereza kuwa mkuu wake wa nchi Novemba 30, 2021 na ikawa jamhuri.

Katika St. Kitts kuna ngome ya Brimstone Hill, iliyojengwa kwa jasho la watumwa kutoka Afrika. St. Lucia, yenye milima pacha ya Pitons, ni nchi ndogo iliyotoa washindi wawili wa Tuzo ya Nobel: Arthur Lewis wa uchumi mwaka 1979 na Derek Walcott wa fasihi mwaka 1992. Mji wa Willemstad, Curaçao, una daraja linaloelea lililowekwa mwaka 1888, ambalo hufunguka kupisha meli.

Mwenyeji wa Pwani ya Kenya au wa Zanzibar hatajiona mgeni sana huku. Grenada ni kisiwa cha viungo, na kungumanga imechorwa katika bendera yake ya taifa. Shelisheli, ambalo Waingereza walilileta kutoka Tahiti mwaka 1793, huchomwa na kupikwa katika visiwa vingi.

Kasoro ya njia hii ni gharama ya kufika inakoanzia. Anayetoka Kenya sharti aongeze tiketi ya ndege ya kwenda San Juan au Barbados, na njia ya ndege yenyewe inaweza kuhitaji viza ya nchi anakobadilishia.

Hesabu ya saa

Sasa tuingie katika kipimo chenyewe. Matangazo husifu idadi ya bandari. Abiria anapaswa kuhesabu saa.

Tuchukue mfano wa ratiba mbili za siku saba. Ya kwanza ina bandari nne: Grand Turk kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba mchana, San Juan kuanzia saa kumi alasiri hadi saa tano usiku, St. Thomas kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, na Nassau kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Jumla ni saa 25.

Ya pili ina bandari tatu tu: Cozumel kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kisha Roatán na Costa Maya, kila moja kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Jumla ni saa 28.

Isitoshe, saa hizo hazimwendei abiria zote. Meli ikifika, maafisa wa bandari hukagua stakabadhi kwanza, kisha maelfu ya watu hupanga foleni ya kushuka. Kabla ya kung'oa nanga, abiria hutakiwa kuwa ndani nusu saa au saa nzima mapema. Tukitoa saa mbili kwa kila bandari, ratiba ya bandari nne inabaki na saa 17, ilhali ile ya bandari tatu inabaki na saa 22.

Yenye bandari chache imeshinda kwa saa tano. Tena, sehemu kubwa ya saa za San Juan katika mfano huu ni za usiku.

Kuna mtego mwingine wa saa. Cozumel, Jamaica na Grand Cayman hazibadilishi saa kwa kufuata majira kama ifanyavyo Miami. Kati ya Machi na Novemba, saa zao huwa nyuma ya saa za Miami kwa saa moja. Meli ikiwa inafuata saa za Miami, abiria anayetazama simu iliyojigeuza kufuata saa za kisiwani atadhani amebakiwa na saa nzima, kumbe meli inaondoka. Vaa saa ya mkononi na uiache katika saa za meli.

Anayechelewa kwa sababu ya ziara iliyopangwa na meli husubiriwa, au kampuni hugharamia kumfikisha bandari inayofuata. Aliyejipangia mwenyewe hana dhamana hiyo. Ziara za kujipangia huwa nafuu, na hazina ubaya pale uendako ni karibu. Kwa safari ndefu kama ya Tulum au Nine Mile, ni busara kulipa zaidi na kuwa na uhakika.

Gati au mashua

Si kila bandari ina gati ya kupokea meli kubwa. Katika Grand Cayman, meli hutia nanga mbali kidogo na abiria hushuka kwa mashua ndogo. Aprili 30, 2025, wapiga kura wa visiwa hivyo walikataa katika kura ya maamuzi pendekezo la kujenga gati ya meli za kitalii.

Katika Belize City, maji ni ya kina kifupi na meli husimama kilomita kadhaa kutoka mjini. Mashua huchukua muda wa kama dakika 20 au zaidi kila upande.

Hali hii ina athari mbili. Kwanza, muda hupungua. Pili, upepo ukizidi, mashua haziteremshwi na bandari huachwa kabisa. Aliye na mzazi mzee au jamaa anayetumia kiti cha magurudumu achague ratiba ambayo bandari zake zote zina gati.

Msimu na vimbunga

Msimu wa vimbunga katika eneo hilo huanza Juni 1 na kwisha Novemba 30, na kilele chake ni Septemba. Bei huwa ya chini wakati huo, na sababu ni hiyo.

Septemba 2017, vimbunga Irma na Maria viliharibu vibaya visiwa vya Mashariki, vikiwemo Sint Maarten, St. Thomas, Dominica na Puerto Rico, na meli zikaelekezwa kwingine. Oktoba 28, 2025, kimbunga Melissa kiliipiga Jamaica kwa nguvu za kiwango cha juu kabisa, na anayeichagua Jamaica baada ya hapo anapaswa kuuliza hali ya vivutio anavyovitaka.

Aruba, Bonaire na Curaçao ziko kusini sana, na vimbunga huzifikia kwa nadra. Asiye na budi kusafiri Septemba afikirie njia ya Kusini kwanza.

Meli haipigwi na kimbunga kwa urahisi kwa kuwa hukikwepa. Kinachobadilika ni ratiba. Mkataba wa tiketi huipa kampuni haki ya kuacha bandari au kuibadilisha, na anachorudishiwa abiria kwa kawaida ni ada za bandari tu. Kwa hivyo, usichague safari nzima kwa sababu ya bandari moja ambayo ukiikosa utajuta.

Tangu mwaka 2011, pwani nyingi za Karibi pia hukumbwa na mwani wa rangi ya kahawia unaoletwa na mawimbi kwa wingi, hasa kati ya majira ya kuchipua na ya joto. Pwani zinazoelekea upepo, mathalani Costa Maya, huathirika zaidi.

Gharama zisizotajwa

Nauli hugharamia chumba, chakula cha kawaida na burudani nyingi za melini. Haigharamii ziara za nchi kavu, vinywaji vingi wala intaneti. Bakshishi ya wafanyakazi, ambayo kampuni nyingi zinazohudumia Wamarekani huitoza kwa siku, huwa kati ya dola 15 na 25 kwa kila mtu. Kwa watu wawili kwa siku saba, hizo ni dola 210 hadi 350 zaidi.

Ratiba yenye bandari nyingi huongeza gharama ya ziara. Familia ya watu wanne inayolipia ziara katika bandari tano inaweza kutumia pesa nyingi nchi kavu kuliko inavyodhani. Linganisha jumla ya safari nzima, wala si nauli ya tangazo.

Wanaotoka Nairobi wafike katika mji wa bandari angalau siku moja kabla. Meli haimsubiri abiria ambaye ndege yake imechelewa, na gharama ya hoteli ya usiku mmoja ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya safari nzima. Bima inayogharamia matibabu baharini pia ni ya lazima kwa mwenye busara.

Nani achague nini

Familia yenye watoto wadogo, inayotaka fukwe na mapumziko, itafaidika na njia ya Mashariki yenye kisiwa kimoja cha kampuni na bandari zenye gati.

Vijana, wapiga mbizi na wapenzi wa rege wataridhika na njia ya Magharibi, alimradi Jamaica iwe Ocho Rios na Cozumel iwe ya siku nzima.

Anayetaka kuonana na watu ambao mababu zao walitolewa Afrika kwa minyororo, kuona walichojenga na kusikia wanavyojitawala leo, achague Kusini. Ataona mengi kwa wiki moja, ikiwa pasipoti yake imekubaliwa katika kila kisiwa.

Wazee wanaotembezwa na watoto wao wachaguliwe ratiba yenye bandari chache, saa nyingi na siku mbili za kukaa baharini. Siku za baharini si hasara kwa mtu ambaye magoti yamechoka.

Kabla ya kulipa, basi, chukua karatasi na uandike mambo manne kwa kila ratiba: nchi zote na kanuni zake kwa pasipoti ya Kenya, saa halisi za nchi kavu, bandari zenye gati na zisizo nayo, na jumla ya gharama. Ratiba itakayobaki ikiwa imesimama baada ya hesabu hiyo ndiyo yako.

Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Msafiri wa Karibi naye atarejea Miami, na kisha nyumbani. Atakachorejea nacho ni zile saa chache alizokanyaga ardhi ya watu, na saa hizo huchaguliwa siku ya kununua tiketi.